Upelelezi wa kizamani au kejeli: una buku kumi na tano mkononi, unachukua kipi?

Binamu yangu wa Ngaramtoni kanitumia meseji wiki iliyopita: "Shikamoo dada, nimepata elfu kumi na tano ya kwangu kabisa, si ya nauli si ya vocha, nataka kitabu cha kukaa nacho mpaka chuo kifunguliwe, nichukue cha upelelezi au hivi vya kejeli mnavyosomaga na baba mdogo mnacheka kama mmerogwa?" Nikamjibu marahaba, ngoja nikae vizuri nitakuandikia. Sasa nimekaa vizuri, mvua imeondoka na umeme wa mtaa mzima, mashine ya kopi imelala, wateja hawaji, kwa hiyo jibu litakuwa refu kidogo.

Na si yeye tu anayeuliza. Nina kaduka ka steshenari hapa Moshi mjini, nauza daftari, natoa kopi, natia vyeti vya watu lamineshen, na nyuma ya kaunta kuna rafu moja ya vitabu vyangu mwenyewe ambavyo haviuzwi, na ndio hivyo hivyo kila mteja anavitaka. Aisee mtu anakuja kununua bahasha anaondoka ananiuliza Bwana Msa ndio nani.

Tuelewane maneno kwanza. Nikisema upelelezi wa kizamani namaanisha ule wa fumbo, yaani mtu kafa, watu sita wote walikuwa na sababu ya kumuua, mmoja wao anadanganya vizuri kuliko wenzake, na we msomaji unatakiwa umjue kabla mpelelezi hajawakusanya wote sebuleni. Wengi wanasema aliyefungua njia ni Mmarekani Edgar Allan Poe mwaka 1841, akaja Conan Doyle na Sherlock Holmes wake 1887, halafu 1920 Agatha Christie akamleta mpelelezi wake Poirot. Huku kwetu baba lao ni Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi Unguja, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale yake ilitoka kitabu 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957/58, na humo ndio akaingia duniani mpelelezi Bwana Msa, na kiko chake, na rafiki yake Najum. Miaka mitano baadaye, 1965, Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo. Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa nawapenda sana, ila wale ni watu wa mbio na bastola, ni chakula kingine, leo siwagusi.

Kejeli, ambayo darasani walituambia tuiite tashtiti tukapoteza hamu hapo hapo, ni kile kitabu kinachomcheka mtu mpaka anajiona. Vyangu vya namna hiyo ni Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), Shamba la Wanyama ya George Orwell ambayo yeye aliitoa 1945 na Fortunatus Kawegere akaitia Kiswahili 1967, Kaptula la Marx ya Kezilahabi, na kipenzi changu Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tamthilia ya Mrusi anaitwa Gogol, ya mwaka 1836, Kiswahili chake kafanya Christon Mwakasaka. Hicho cha mwisho nakirudia sana huko chini, samahani mapema.

Sasa kabla sijaenda kwenye kipi bora, kuna kitu kimoja nimekigundua kwa kusoma hivi vitu viwili kwa kupokezana miaka mingi, na ndio kinachonisaidia kumchagulia mtu. Kwenye upelelezi ukweli anaujua mmoja tu na wengine wote wanautafuta. Kwenye kejeli ukweli wanaujua wote, mpaka mbuzi wa jirani anaujua, ila hakuna anayeusema. Ndio maana raha zake hazifanani hata kidogo. Kule raha ni kujua. Huku raha ni kusikia mtu kasema kile ulichokuwa unakijua ukakimeza kwa sababu ya adabu au kwa sababu ya kibarua chako.

Na Gogol kwa ujanja wake kachukua hadithi ya upelelezi kaigeuza ndani nje kama soksi. Wakubwa wa kamji kadogo wanasikia mkaguzi anakuja kwa siri kutoka makao makuu, wanamwona kijana mmoja yuko gesti hana hata hela ya kula, wanaamini ndio yeye, basi wanamlisha, wanamkopesha hela moja baada ya mwingine, wanampa mpaka binti. Mpelelezi wa kawaida akifika watu wanaanza kuficha, huyu ambaye si mpelelezi wala nini akifika watu wanajianika wenyewe, hajauliza swali hata moja. Kuna hakimu anafuga mabata bukini kwenye ukumbi wa mahakama wanapokaa watu wenye kesi. Hospitali wanaambiwa wagonjwa wavalishwe kofia safi. Sasa we mtu wa Moshi au Arusha ambaye umeshaona mawe ya kando ya barabara yanapakwa chokaa alfajiri kwa sababu kuna mgeni mkubwa anapita saa nne, hiyo kofia safi huhitaji ufafanuzi.

Kipimo cha kurasa za mwisho

Hiki kipimo sikukitunga, kilinipata.

Watalii wanaokuja kupanda mlima huwa wanaacha riwaya zao kwenye mahoteli na mahosteli, zikishaachwa zinazunguka zinaishia chini kwenye turubai la wauza vitabu vya mtumba. Siku moja nikapata Poirot mmoja wa Kiingereza, buku tatu, jalada limepauka upande wa jua, ndani kuna mtu kaandika kwa penseli hesabu za maji ya kunywa, lita ngapi siku ngapi, nikajua kabisa hiki kilipanda Kilimanjaro kikashuka. Jumamosi nikapanda nacho kosta ya Arusha, nikakaa dirishani, Boma Ng'ombe nikawa nishamshuku daktari, pale njia panda ya KIA nikamwachia daktari nikamkamata mke mkubwa, Kikatiti trafiki wakatusimamisha sikunyanyua hata kichwa. Tunaingia Usa River, Poirot kawaita wote sebuleni, kaanza kueleza taratibu anavyoelezaga, huyu hakuwa na nafasi, yule alikuwa kwenye treni, nafungua ukurasa unaofuata nakutana na jalada. Jalada tupu. Kurasa za mwisho zimenyofolewa, gundi imebaki na vipande vya karatasi kama meno ya mtoto, na mimi hisia zangu zinaniambia ziliwasha moto kambini usiku wa baridi. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu na ndoo ya maparachichi mapajani akaniangalia uso akaniuliza kwa huruma kabisa, "Vipi mwanangu, umepigiwa simu ya msiba?"

Nilirudi kwa yule muuzaji, akaniambia dada mbona kurasa nyingine zote zipo.

Sasa fikiria ile ile ingetokea kwa Shamba la Wanyama. Ungekasirika, lakini ungekuwa umeshakula. Kejeli inakulipa ukurasa kwa ukurasa, kama vile kibarua wa siku. Upelelezi unakulipa mwisho wa mwezi, na mwajiri akikimbia ndio umeliwa. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kabisa, na huu hauna falsafa yoyote: ukinunua upelelezi wa mtumba, kabla hujatoa hela fungua nyuma, angalia kurasa za mwisho zipo, ila angalia namba za kurasa tu usisome. Kejeli unaweza kununua hata imeliwa na panya.

Mara ya pili je

Hapa ndio watu wengi wanaukosea upelelezi. Wanasema ukishamjua muuaji kitabu kimekufa, mpe mtoto achanechane. Mi nilikuwa naamini hivyo mpaka nikairudia Mzimu wa Watu wa Kale kwa sababu sikuwa na kingine, nilikuwa na malaria, nimelala. Nikagundua mara ya kwanza sikuisoma, niliikimbiza. Mara ya pili ndio unaona mwandishi alivyokudanganya bila kukudanganya, jinsi kila kitu alikuwekea mezani kweupe na wewe ukaangalia pembeni. Agatha Christie naye ndio mchezo wake, atakutajia vitu vingi kwa mkupuo, kile kimoja cha maana kakipachika katikati, na kabla hujakitafakari mtu anaangusha kikombe. Ukirudia unamwona mkono unavyokwenda, kama kumwangalia mtu wa karata tatu stendi ukiwa umeshajua karata iko wapi. Hela yako haipo ila ufundi unauona.

Halafu kwa Bwana Msa kuna kampani. Ukishaliondoa fumbo bado unabaki na Najum anayedhani kaelewa, unabaki na mazungumzo marefu ya watu wa Unguja wasio na haraka, na Kiswahili ambacho sisi wa huku bara tuliozoea "aisee" na "yaani" kinatufanya tujione kama tumekuja mjini juzi. Kuna maneno nilikuwa nampigia rafiki yangu wa Zanzibar kumuuliza, anacheka kwanza ndio ananijibu. Na kitu kingine, watu kwenye hizo hadithi wakikuta jambo gumu wanakimbilia kusema ni mzimu, ni uchawi, na Bwana Msa anasema hebu tuangalie. Kisima cha Giningi ya 1968 jina tu linatisha, Giningi kule kwao ndiko kunakosemwa wachawi wanakutania, na yeye anaingia humo na akili yake tu. Mtu aliyekulia kijijini ambako kila kifo kina mtu kakiroga anajua hiyo "hebu tuangalie" ina uzito gani.

Kejeli kuirudia ni habari nyingine. Haibadiliki yenyewe, unabadilika wewe. Shamba la Wanyama niliisoma nikiwa form two nikaona ni hadithi ya nguruwe wabaya wanaoahidi usawa kisha wanawatawala wanyama wenzao. Nikaisoma tena nikiwa nimeajiriwa mahali, nikaona nguruwe ni bosi. Nimeisoma tena nikiwa na duka langu na kijana mmoja wa kunisaidia, na nisikufiche, kuna sehemu nilifunga kitabu nikaenda kumwongezea yule kijana hela ya chai. Kuna kitu kingine huwa kinanichekesha kwa uchungu kidogo: Kiswahili chake kimetoka 1967, mwaka ule ule ambao Azimio la Arusha, lile la ujamaa, lilitangazwa, mwezi wa pili tarehe 5. Sijui kama kuna aliyepanga, nadhani hakuna, lakini ukikaa pale Arusha karibu na Mnara wa Mwenge ukakisoma hicho kitabu, hata ukiwa unalipenda Azimio kama baba yangu alivyolipenda, kuna mahali utakohoa.

Na Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, kejeli yake imesimama kwenye hilo hilo. Kaptula la Marx ilikaa miaka na miaka kabla ya kuchapwa 1999. Kichwa tu kimemaliza, rais kavaa kaptula la mtu mwingine, mkubwa, halimkai. Ila ni fupi na imekaa kiukumbi, ukiisoma peke yako kimya kimya nusu ya utamu inabaki kwenye karatasi.

Ukiwa umechoka, ukiwa safarini

Hapa sina cha kusema sana, upelelezi unashinda na haina ubishi. Mtu katoka kazini saa mbili usiku kichwa kinauma, ukimpa Kusadikika atalala ukurasa wa pili na atamchukia Shaaban Robert bure. Mpe Sherlock Holmes, zile hadithi fupi, zipo 56 na riwaya 4, hadithi moja unaianza stendi ya Moshi na kabla ya Tengeru kesi imeisha. Conan Doyle mwenyewe alichoka naye akamuua 1893, wasomaji wakalia na kulalamika mpaka akalazimika kumrudisha 1903, watu wanaopenda kitu kiasi hicho hawakuwa wamekaa darasani wanatafuta dhamira.

Kusoma na watu

Hapa napo upelelezi unapoteza, tena vibaya.

Upelelezi ni kitabu cha mtu mmoja na shuka lake. Mi na dada yangu tumejaribu kufanya wa watu wawili, tunasoma kwa zamu tukifika katikati kila mtu anaandika jina la muuaji kwenye kikaratasi anakikunja anaweka chini ya chupa ya chai, anayekosa anapika wiki nzima. Inanoga, ila baada ya hapo kila mtu anarudi kona yake, na ole wako umwambie mwenzio aliye nyuma yako kurasa kumi. Tulishawahi kununiana siku tatu.

Kejeli bila watu ni kama mbege ya kunywa peke yako chumbani, inawezekana ila watu watakuuliza kuna nini. Krismasi ya mwaka juzi tulikuwa Kibosho nyumbani, ukoo mzima umepanda kama kawaida yetu, magari yamejaa kwenye migomba, na jioni mvua ikatufungia ndani. Nilikuwa nimebeba Mkaguzi Mkuu wa Serikali, nikasema jamani tugawane wahusika. Baba mdogo, ambaye alikuwa mtendaji miaka mingi kabla ya kustaafu (wapi sisemi), akadai yeye ndio mkuu wa mji, hakuna aliyempinga, ni baba mdogo. Aisee alisoma. Miwani yake ina mguu mmoja mwingine kafunga uzi, karatasi kaisogeza kwenye taa ya kuchaji, na kila akitoa amri ya kusafisha mji sauti ilikuwa ile ile tuliyoijua utotoni. Watoto wanagaagaa kwa kucheka. Wale mabata wa mahakamani wakamkumbusha shangazi jambo fulani la kuku wa ofisini akaanza kulitaja, mama mdogo akamkanyaga mguu.

Sasa kuna pale mwishoni, barua imefunguliwa posta na imejulikana yule kijana hakuwa mkaguzi wala nini, mkuu wa mji kaaibika, anawageukia watazamaji anawauliza wanacheka nini, kwamba wanajicheka wenyewe. Baba mdogo alipofika hapo akanyanyua uso kutoka kwenye kitabu, akashusha miwani, akatuangalia mmoja mmoja, kaka yangu aliye idara fulani, shemeji anayechukua tenda, mimi mwenye steshenari nishawahi kuandika risiti kubwa kuliko mzigo kwa sababu mteja kaniomba, akauliza hilo swali. Hakuna aliyejua kama bado anasoma au ameacha kusoma. Mvua tu kwenye bati. Mama mdogo ndio akatuokoa, "haya, nyama inaungua huko, nani anaigeuza?"

Hakuna Poirot aliyewahi kunifanyia hivyo. Poirot akishamtaja muuaji mimi nafurahi kwa sababu si mimi.

Kipi kinachacha

Vyote vinachacha, ila kwa namna tofauti. Simu ya Kifo ni ya enzi ambayo simu ilikuwa kitu kinachokaa mezani na waya, na Inspekta Wingo hana pa kuomba orodha ya namba zilizopigwa. Siku hizi kesi nyingi za vitabuni zingeisha asubuhi, polisi wanachapisha meseji zako, wanaangalia miamala, kamera ya duka la jirani, kwisha. Ila kwangu mimi hapo ndio palipo utamu, kwa sababu mtu alilazimika kufikiri, kuangalia viatu, kusikiliza nani kasema nini kabla hajaulizwa.

Kejeli ikichacha inaoza kabisa. Ikiwa imemlenga mtu mmoja na mambo ya mwaka ule, akifa yule imekufa nayo. Au inatokea kitu cha ajabu zaidi, kama kwa Jonathan Swift, aliandika Safari za Gulliver 1726 kuwatukana wakubwa wa Uingereza na kusema kweli binadamu wote kwa ujumla, leo anasomewa mtoto kabla ya kulala kwa sababu kuna watu wadogo wanamfunga jitu kamba. Wale aliowatukana hawakumbukwi hata majina. Zinazodumu ni zile zilizolenga tabia, si mtu. Majivuno wa Kusadikika, waziri anayemshtaki Karama kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, huyo hachachi, badilisha suti tu. Karama anajitetea kwa kusimulia wajumbe sita waliotumwa pande sita kuitafutia nchi maarifa, na kila mmoja akirudi na jambo la maana anatupwa jela. Nchi yenyewe inaelea hewani. 1951 hiyo, Mwingereza yuko ofisini, na mwandishi ni karani wa serikali hiyo hiyo.

Na hili huwa nalipenda sana: Muhammed Said Abdulla naye alianza kazi serikalini, idara ya afya Unguja, mkaguzi, yaani tungemwita bwana afya, kabla hajawa mhariri wa magazeti. Bwana afya kazi yake ni kuingia uani kwa watu na kuona walichokificha, karani kazi yake ni kukaa kimya na kusikia wakubwa wanavyoongea. Mmoja akaandika upelelezi, mwingine kejeli.

Ila nikubali kasoro ya Shaaban Robert, maana sitaki mtu anilaumu. Majina ya watu wake yanakumalizia kila kitu, Majivuno ana majivuno, huna cha kugundua. Na anahutubia. Ukiwa umekariri dhamira na ujumbe wake kwa ajili ya mtihani, kuna harufu ya chaki inakufuata kila ukurasa. Dawa yake ni kumsoma kwa sauti, taratibu, zile sentensi zimejengwa kwa ajili ya sikio.

Sasa binamu, hela yako

We ni mtu wa kusoma usiku peke yako, una mwezi mzima wa kusubiri, na hujawahi kumaliza kitabu ambacho hukulazimishwa na mwalimu. Chukua Bwana Msa. Anza na Mzimu wa Watu wa Kale au Kisima cha Giningi, chochote utakachokipata kwanza, usiangalie mwisho, usimuulize mtu, usiniulize mimi. Ukimaliza kaa wiki mbili kisha kisome tena taratibu. Chenji ikibaki tafuta Shamba la Wanyama, ni chembamba, hakikuumizi mfuko, na kisome sasa hivi ukiwa huna kazi ili ukija kukisoma tena ukiwa na bosi upate tofauti.

Ungekuwa ni mtu wa vikao, wa kamati za harusi, wa kukaa kijiweni Kaloleni na machalii mpaka saa nne, ningekwambia achana na maiti, nenda moja kwa moja kwa Gogol. Mtu aliyewahi kuwa katibu wa kamati ya harusi akaona watu wanavyoahidi michango na wanavyoitoa, huyo ameshafuzu nusu ya kejeli zote za dunia, anahitaji tu mtu wa kumwandikia vizuri.

Kusadikika acha kwanza. Si kibaya, ni muda wako haujafika.

Na kuhusu lile ombi lako la pili, kwamba ukikosa madukani nikuazime vya kwangu: Mkaguzi Mkuu yuko kwa baba mdogo tangu Krismasi ile, nikimuuliza ananiambia bado anamfanyia kazi. Simu ya Kifo iko Sakina mwaka wa pili sasa, na aliyeichukua anajijua. Mzimu upo, ila unasomewa hapa hapa dukani, kwenye stuli, na chai nakununulia mimi.